Mlinzi wa Nondo

Karibu na ninapoishi, Mbagala, inajengwa nyumba ya ghorofa tatu. Usiku mlinzi hukaa getini na rungu lake, akilinda nondo na saruji. Lakini ramani, hesabu za vifaa na majina ya vibarua vimo katika simu ya msimamizi, ambayo nimeiona ikiachwa juu ya tofali mwenyewe akienda kunywa chai. Na wakandarasi wakubwa je? Tangu mwaka 2023 zabuni za umma hupitia mfumo wa NeST. Neno la siri limekuwa ufunguo wa stoo.

Sisemi haya kwa kujiona mjanja. Nilipokuwa nikiezeka nyumba yangu nilipata ujumbe: "Mzee shikamoo, ile hela ya mabati tuma kwenye namba hii." Nikatuma. Jioni fundi akaja kuulizia hela. Nilijiona mjinga, na wanangu hawakunipinga.

Tangu siku ile najiuliza: anayedanganywa ana hatia gani?

Mwaka 2020 mfanyakazi wa Interserve, kampuni ya Uingereza iliyokuwa na shughuli za ujenzi, alifungua barua pepe ya kitapeli. Programu ya kuzuia virusi ilitoa tahadhari, lakini kampuni haikuchunguza vya kutosha. Wezi wakaingia hadi kwenye taarifa za wafanyakazi wapatao 113,000: akaunti za benki, namba za bima, hata habari za afya zao. Mwaka 2022 mamlaka ya kulinda taarifa binafsi ikaitoza kampuni faini ya pauni milioni 4.4. Ikasema hatari kubwa ni uzembe wa ndani ya kampuni kuliko wezi wa nje. Mwaka huo huo nasi tulitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Nilipoisoma hukumu hiyo nililiweka gazeti chini. Nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu, stoo yetu iliibwa usiku, nami nikamsimamisha masomo mwanachuo aliyekuwa zamu. Alilala, ni kweli. Lakini kitasa kilikuwa kibovu muhula mzima, na mtunza stoo alikuwa ameniandikia. Barua ile niliisoma, nikatia sahihi, nikaiweka katika jalada.

Kijana alirudi baada ya wiki mbili, akaniomba radhi mbele ya walimu. Nikaipokea. Habari ya jalada sikumwambia.