Kuacha Samaki Bila Kuweka Badala

Kijana mmoja wa Shela, Lamu, alifanya kazi katika nyumba ya wageni. Tuichukue hadithi yake kuwa mfano, maana wenzake wapo wengi. Kila msimu aliwahudumia wageni waliokuja kufanya yoga, akaona wengi wao hawagusi nyama, samaki, mayai wala maziwa, na miili yao ni myepesi, ina nguvu. Akavutiwa. Mwezi ulipoandama, akatangaza nyumbani kwamba changu, nguru na mbuzi basi.

Nia haikuwa mbaya. Wako watu wanaoishi miaka mingi kwa vyakula vya mimea na afya zao ni njema. Kasoro ilikuwa kwenye sinia. Samaki aliondoka na hakuna kilichokaa mahali pake. Asubuhi alikunywa chai ya rangi kwa mahamri matupu. Mchana alikula wali wa nazi na mchicha. Usiku ni muhogo wa nazi, na chai tena. Tumbo lilijaa, akadhani amekula.

Miezi ikapita. Kupandisha tanga la dau, kazi aliyoizoea tangu utotoni, kukawa kunamtoa jasho jembamba. Mchana akawa anasinzia, nywele zinabaki kwenye kitana, na kidonda kidogo cha mguuni alichokipata kwa kukatwa na gamba la chaza kikakataa kufunga. Zahanati walipompima, damu ilikuwa imepungua. Muuguzi alimuuliza amekula nini jana, juzi, na siku ya kabla yake. Majibu yalikuwa yaleyale.

Hesabu yenyewe ni hii. Kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, mtu mzima anahitaji gramu 0.83 za protini kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake. Mwenye kilo 60, basi, anahitaji gramu 50 hivi. Kikombe cha wali kina gramu 4 tu, na muhogo haufiki hata hapo. Mchicha una faida nyingi, lakini si wa kutegemewa kwa protini. Tui la nazi huwahadaa wengi kwa sababu ni zito na linashibisha, ila kilichomo zaidi ni mafuta. Chai nayo, ikinywewa pamoja na chakula, huuzuia mwili kufyonza madini ya chuma yatokayo kwenye mimea.

Bibi yake alipopata habari, alimwita.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kusi likivuma na madau yakalala, sisi tulikula nini?"

Kijana akanyamaza.

"Mbaazi. Kunde. Pojo. Umeacha samaki, haya. Na mbaazi nazo zimekukosea nini?"

Bibi alisema kweli. Jamii ya kunde ndiyo nguzo ya anayeacha nyama na samaki. Kikombe cha mbaazi zilizopikwa kina gramu 11 hivi za protini, cha pojo gramu 14, cha maharagwe 15. Makonzi mawili ya karanga yana gramu 14. Mtu akila mahamri kwa mbaazi za nazi asubuhi, wali kwa pojo mchana, na karanga jioni, anaikaribia haja yake ya siku bila kununua chochote kigeni. Simsim inalimwa Mpeketoni, na korosho zipo. Nafaka na kunde pia hukamilishana: laisini, kijenzi kimojawapo cha protini, iliyo haba kwenye wali imejaa kwenye pojo. Akikamulia ndimu juu ya mchicha, na kuiahirisha chai hadi saa moja baada ya kula, damu nayo itapata chuma chake.

Liko jambo moja ambalo hata mbaazi haziliwezi. Vitamini B12 haipatikani kwenye mimea. Mwili huweka akiba yake kwa miaka, kwa hiyo upungufu huja kimya kimya, ukaharibu damu na mishipa ya fahamu. Asiyekula kabisa chakula cha wanyama lazima ameze vidonge vyake au ale vyakula vilivyoongezewa vitamini hiyo. Mjamzito, anayenyonyesha na mwenye mtoto mdogo wamwone kwanza mtaalamu wa lishe.

Wahenga walionya: usiache mbachao kwa msala upitao. Kijana aliiga alichokikataa mgeni, hakuuliza mgeni anakula nini badala yake. Ndugu msomaji, ukitaka kuacha samaki, acha kwa hesabu. Loweka mbaazi kwanza.