Kucha za Tai na Fuvu la Taung

Wakutanishe watu watatu wanaopenda ndege wawindaji, na chai haitapoa kabla ubishi haujaanza: ni yupi anayebana kuliko wote? Mmoja atamtaja harpia wa misitu ya Amazon, ambaye ukucha wake wa nyuma unauzidi wa kila tai wa Afrika. Wa pili atamtetea tai mwenye kishungi wa misitu yetu, mla kima na mbega. Wa tatu atatoa simu na kusoma tarakimu: tai fulani hubana kwa paundi 400 kwa kila inchi ya mraba. Muulize ilipimwa wapi, kwa chombo gani, ndege akiwa na njaa au ameshiba, na jibu halipatikani. Tena kipimo chenyewe ni cha mgandamizo. Kinategemea ukubwa wa sehemu inayogusa, na ncha ya ukucha ni ndogo mno. Mguu uleule utaonekana dhaifu ukipimwa kwa wayo na wa kutisha ukipimwa kwa ncha.

Ubishi wa barazani haumdhuru mtu. Lakini wapo wasomi wakubwa waliouingia kwa mlango huohuo wa kulinganisha ovyo, na kisa chao kinafaa kusimuliwa.

Mwaka 1924, katika machimbo ya chokaa ya Taung, Afrika Kusini, lilipatikana fuvu la mtoto. Lilimfikia Raymond Dart, mwalimu wa anatomia mjini Johannesburg, naye mwaka 1925 akalitangaza kuwa la kiumbe kipya, Australopithecus africanus. Mtoto mwenyewe alikufa akiwa na umri wa miaka mitatu au minne hivi. Kiwiliwili chake hakikuonekana, ila kichwa tu, katika machimbo yaliyotoa pia mifupa ya nyani, kobe na wanyama wengine wadogo.

Nani alikula wanyama hao? Dart aliona jibu liko wazi: ni jamaa za mtoto huyo. Baadaye alitazama mafuvu ya nyani yaliyobonyea akasema ni vipigo vya silaha, na kutokana na hapo ikakua hadithi nzima ya babu zetu wauaji. Waliokuja kumpinga walimgeukia chui, na kwa mapango mengine ya Afrika Kusini walikuwa na ushahidi mzuri. Hakuna aliyetazama juu.

Mwaka 1995 Lee Berger na Ron Clarke walitazama juu. Walisema mifupa ya Taung ni midogo mno kuwa makombo ya chui, na uharibifu wake unafanana na ule unaokutwa chini ya viota vya tai. Pingamizi lilikuja upesi, nalo lilikuwa la mizani. Tai mwenye kishungi ana kilo tatu hadi nne na ushei. Mtoto wa Taung alikadiriwa kuwa na kilo kumi hivi. Ndege angembebaje?

Hapo ndipo penye mtego. Swali hilo ni la mabawa, si la miguu. Hakuna tai anayeruka vizuri na mzigo wa mara mbili ya uzito wake, na huyu wala hahitaji. Anaua chini au kwenye tawi, anamchanachana mnyama papo hapo, kisha anapeleka vipande kiotani kimoja kimoja. Paa wenye uzito wa mara kadhaa ya wake huuawa hivyo. Na kichwa cha mtoto ni kipande kinachobebeka vizuri sana.

Mguu nao una siri yake. Misuli inayokunja vidole iko juu, kwenye paja na muundi, na kano zake hupita nyuma ya kifundo hadi kwenye kucha. Mguu ukikunjwa kwa kishindo cha kumgonga mnyama, kano zinavutika na vidole vinafumba. Kisha linakuja jambo ambalo mizani ya sokoni haiwezi kulionyesha: kano zina vinundu vinavyonasa kwenye mikunjo ya ala zinamopita, na mguu unajifunga. Tai hachoki kubana kama tunavyochoka sisi kushika ndoo. Ukucha wa nyuma, wenye sentimita sita hivi kwa tai wa kishungi, pamoja na ule wa kidole cha ndani, ndizo hasa zinazozama.

Hata hivyo usikimbilie kuwapanga ndege wote kwa nguvu ya kubana. Bundi ana mfupa mfupi na mnene wa mguu, na kwa mwili wake hubana kuliko vipanga wengi, kwa sababu windo lake ni dogo na analibana mpaka life. Kozi ana vidole virefu vyembamba. Humshika ndege mwenzake kwa miguu, kisha humvunja shingo kwa mdomo wenye jino pembeni. Ukimpima kozi kwa mguu peke yake umempima nusu.

Na karani tamba, yule mwenye miguu mirefu anayetembea mbugani Serengeti na Mara, angeshika mkia katika orodha yoyote ya wabanaji. Vidole vyake ni vifupi na butu. Watafiti nchini Uingereza walimpima ndege mmoja wa aina hiyo akipiga nyoka wa mpira juu ya bamba la kupimia, na mwaka 2016 wakatoa matokeo: teke la nyutoni 195, mara tano ya uzito wa ndege mwenyewe, mguu ukigusa kwa milisekunde 15 tu.

Turudi Taung. Baada ya mabishano ya 1995, watu waliacha mizani wakaingia misituni. Katika hifadhi ya Kibale nchini Uganda, na katika msitu wa Taï nchini Kodivaa, watafiti waliokota mifupa chini ya viota vya tai wa kishungi, mingi ikiwa ya kima, wakaandika alama moja baada ya nyingine: matundu ya kucha, mikwaruzo ndani ya matundu ya macho, vibanzi vya mfupa vilivyoinuliwa kama mdomo wa kopo lililofunguliwa kwa kisu. Berger alisoma maelezo ya mifupa ya Taï, akarudi kwenye fuvu la mtoto ambalo alikuwa amekwisha kulishika mara nyingi. Sakafu ya matundu ya macho ilikuwa na alama zilezile. Alichapisha mwaka 2006, miaka themanini na kitu tangu fuvu litoke ardhini na kupita mikononi mwa wataalamu wa kila aina.

Mtu anaweza bado kusema fuvu moja halitoshi kumhukumu ndege aliyekufa zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita, na ana haki ya kusema hivyo, mradi aje na alama nyingine za kulinganisha. Hoja ya kilo kumi kwa kilo nne haina pa kusimama tena.