Mdahalo wa Wadogo
Julai 26, 2022, jijini Nairobi, mdahalo wa wagombea urais uligawanywa: vigogo kivyao, wadogo kivyao. Kigezo kilikuwa kura za maoni. Wajackoyah akagoma, akitaka wote wanne wawe jukwaa moja. Mwaure akajibu maswali peke yake. Baadaye Raila hakuja, Ruto naye akabaki na watangazaji tu.

Sawa, muda wa televisheni ni ghali. Lakini hebu tuulizane: mgombea atapandaje kwenye kura za maoni kama kamera hazimfuati? Unamnyima mche maji, halafu unaupima urefu! Na Wajackoyah alipofuatwa, ilikuwa bangi na fisi, watu wacheke. Kumbe ilani yake ilitaka pia katiba isimamishwe. Hilo lilistahili saa nzima ya maswali makali, mbele ya wale watatu.