Funga Viatu, Mwite Mbwa, Twende Koboko

Kutoka Arua hadi Koboko ni kama kilomita 55 za lami. Abiria wa teksi huzimaliza bila kuzihisi. Wewe nataka uzihisi zote, hatua kwa hatua, ukichangisha fedha kwa ajili ya mtu anayehitaji msaada wako. Usiseme huwezi. Kama leo unahema ukipanda kilima kidogo tu, anza hivyo hivyo. Mwenzako wa mazoezi yuko uani, amelala karibu na geti, na hajawahi kukataa safari.

Barabara hii inaijua miguu ya watu. Idi Amin alipoanguka mwaka 1979, maelfu ya watu wa West Nile walitembea kwenda Kongo na Sudan kuokoa maisha yao. Vita vilipolipuka Juba Julai 2016, majirani zetu wa Sudan Kusini walivuka mpaka wakikimbilia huku kwetu, akina mama wamebeba watoto mgongoni. Hao walitembea kwa kulazimika, nasi tunatembea kwa kupenda. Kila mwaka kuna mahujaji wanaotoka pande hizi kwa miguu hadi Namugongo, karibu kilomita 500, wawahi sikukuu ya Mashahidi wa Uganda tarehe 3 Juni. Damu ya watembeaji tunayo. Kilichobaki ni kuamka.

Na kuamka ndiko kunakotushinda. Rafiki atakupigia simu kusema mvua inanyesha. Mwili utakuambia bado kuna kesho. Lakini mbwa akishazoea kutoka na wewe, alfajiri atakuja mlangoni, atakwaruza, atalia, na hutarudi kulala. Gulu wanalijua hili. Francis Okello Oloya alipoteza macho akiwa na miaka 12, bomu lililofukiwa ardhini lilipomlipukia. Akiwa shule ya bweni, mbwa walimsindikiza usiku kutoka bwenini hadi chooni. Alipokua alianzisha mradi unaowakutanisha manusura wa vita na mbwa waliookotwa mitaani. Mtu anamfundisha mbwa, na katika kumfundisha anajiinua mwenyewe. Kama mbwa anaweza kumrudishia nguvu aliyeumizwa na vita, atashindwaje kukutoa wewe kitandani?

Basi mtendee haki. Kwanza mpeleke kwa daktari wa mifugo achanjwe kichaa cha mbwa. Asiwe mtoto, wala mzee wa kuchechemea. Mfunge ukosi na kamba imara, mtembee upande wa kulia mkiyaona malori yanayokuja, na yeye awe upande wa majani. Wako majirani ambao dini yao huwafanya wajiepushe na mate ya mbwa. Ukikutana nao fupisha kamba, wasalimie, wapishe. Heshima hiyo itakuletea wachangiaji.

Jua la West Nile si la kuchezea. Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi. Anajipoza kwa kuhema. Kwa hiyo tokeni kabla jua halijachomoza, mrudi mapema. Kabla ya kumkanyagisha lami, iwekee mgongo wa mkono wako, uhesabu hadi saba. Ukishindwa kuvumilia, nyayo zake nazo zitaungua. Piteni kwenye udongo. Beba maji yako na yake, pamoja na bakuli lake. Ukiona ulimi umening'inia sana na hatua zimelegea, simama kivulini. Mkifika nyumbani, mpanue vidole kimoja kimoja utafute miiba na kupe.

Wiki ya kwanza nusu saa inatosha. Kila wiki ongeza kidogo, chagua siku moja ya mwendo mrefu, na siku ya kupumzika iheshimu. Aliye Arua aende Ombaci na kurudi, baadaye asogee mbele zaidi. Aliye Koboko aanze kutokea kwao. Jipeni miezi mitatu au minne. Safari yenyewe igaweni siku mbili, mlale Maracha, katikati ya njia. Mbwa akichoka apande gari la wasindikizaji, wewe endelea.

Lakini taja unatembea kwa ajili ya nani. Mwaka 1961 Ted Williams, daktari wa Kuluva, hapa hapa karibu na Arua, alifuatana na daktari mwenzake Denis Burkitt katika safari ya gari ya takriban kilomita 16,000, wakiuliza hospitali baada ya hospitali kuhusu uvimbe wa saratani uliokuwa ukiwaua watoto. Walirudi na ramani iliyousaidia ulimwengu kuuelewa ugonjwa huo. Walijua wanakwenda kwa ajili ya nani, na ndiyo maana umbali haukuwatisha.

Nawe chagua: wodi ya watoto, shule isiyo na madawati, kisima kilichokufa. Waombe watu waahidi kiasi kwa kila kilomita, hata shilingi mia tano. Fedha ziingie moja kwa moja kwa wanaosaidiwa, risiti zitolewe, hesabu zisomwe hadharani. Mchango wenye hesabu safi huzaa mchango mwingine mwaka unaofuata.

Leo jioni andika tarehe ya safari ukutani, mahali ambapo kila anayeingia ataiona. Mwambie jirani, mwambie padri, mwambie imamu, waambie vijana wa boda stendi. Nunua kamba. Kesho kabla jua halijatoka, fungua mlango na uanze. Kuna mtoto anayekusubiri mwisho wa kilomita hizo 55, na miguu ya kumfikia unayo.