Hasira Iliyojificha Moyoni

Ukiwa Voi, Kenya, kilima cha Sagalla kiko karibu. Milima ya Dawida iko mbali kidogo, upande wa magharibi. Huko kote ni nchi ya Wataita. Mwanaanthropolojia Grace Harris alifanya utafiti Taita mwanzoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1978 kikatoka kitabu chake kuhusu dini ya Wataita. Kiini cha dini hiyo ni moyo, ngolo kwa Kidawida.

Kwa imani hiyo, hasira ikikaa moyoni ilidhuru: mtoto aliugua, ng'ombe walikufa. Mpiga ramli ndiye aliyetafuta moyo wa nani umechafuka. Baba, mjomba, hata marehemu.

Dawa ilikuwa kutasa. Mwenye hasira alipiga funda la pombe au maji ya miwa, akalipuliza nje kama manyunyu, huku akitamka kwamba ameitoa na kumwombea mgonjwa heri.

Je, mtu alaumiwe kwa kinyongo asichojua kama anacho? Swali gumu. Tena, hata hasira ya haki ilidhuru, hivyo aliyekosewa ndiye aliyeombwa atase. Kumtwisha aliyedhulumiwa mzigo huo kunaonekana ukatili, ila mtoto mwenye homa hakuweza kungoja kesi iishe.