Ni Uzee Tu

Majuma machache kabla ya Kwaresima tuliitwa usiku kwenda kumpaka mafuta mama mmoja mzee, katika kijiji kilicho juu ya Dongobesh. Kijana aliyetufuata kwa pikipiki alisema bibi yake yumo katika saa zake za mwisho. Tulipanda naye katika tope na baridi, tukaikuta jamaa yote imekaa kimya kuzunguka moto, na nje wanaume wakinong'onezana juu ya mahali pa kaburi. Mama yule alikuwa amelala karibu na ukuta. Miguu ilikuwa imevimba, pumzi ilikuwa fupi, na macho yote mawili yalikuwa na weupe kama wa maziwa. Tulipomsalimu aliuliza, "Nani huyo?" Tukasema ni Padre. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Padre, nani amekuambia kwamba ninakufa? Mimi nina njaa."

Watu walicheka, na sisi tulicheka. Tulimpa Sakramenti, kwa kuwa alikuwa mgonjwa kweli. Lakini tulipomwuliza mwanawe mkubwa ni ugonjwa gani, na tangu lini mama haoni, alitujibu kwa upole kabisa, "Ni uzee tu, Padre."

Maneno hayo matatu ndiyo tunayotaka kuyapima leo pamoja na wasomaji wetu. Twayasikia kila mahali, toka Haydom hata Katesh, na aghalabu twayasikia vinywani mwa watu wema. Yule mwana hakuwa mtu mwovu. Mama yake alikuwa na blanketi zito, uji wake haukukosa maziwa, na hakuna mjukuu aliyethubutu kuinua sauti mbele yake. Ndiyo sababu jambo lenyewe lataka kufikiriwa. Kama lingekuwa kosa la watu wabaya, lingetosha kulikemea.

Uzee upo, nasi hatukatai. Nywele hugeuka nyeupe, mifupa hupoteza nguvu, na mlima uliopandwa kwa pumzi moja hupandwa kwa kumi. Hayo hakuna hospitali iwezayo kuyaondoa, wala haifai kumdanganya mtu kwamba yataondoka. Kosa limo katika neno lile dogo la mwisho, yaani "tu". Kijana akivimba miguu, twauliza sababu. Mzee akivimba miguu, twataja umri wake, kana kwamba umri ni jina la ugonjwa. Lakini miguu haivimbi kwa sababu mtu amehesabu miaka 78. Pengine moyo umechoka kusukuma damu, pengine ni figo, pengine ni jambo jingine ambalo mganga alipimaye atalijua. Na weupe ule wa macho una jina lake, nalo ni mtoto wa jicho. Kioo cha ndani ya jicho hupata ukungu. Mganga hukiondoa na kuweka kingine cha kutengenezwa, kwa kazi ambayo mara nyingi haifiki saa moja, na mgonjwa yu macho akisikia yanayosemwa. Duniani kote hakuna kinachopofusha watu wengi kuliko huo, wala katika vipofu hakuna wanaorudishiwa kuona kwa wepesi kuliko hao.

Tutaje na presha. Wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, waganga waliwapima wazee zaidi ya 2,000 wa miaka 70 na kuendelea, katika miaka ya 2009 na 2010. Karibu 7 katika kila 10 walikutwa na shinikizo la damu, na wengi wao hawakuwa wamepata kujua. Hatudai kwamba hesabu ya Hai ndiyo hesabu ya Mbulu na Hanang. Twasema tu kwamba ugonjwa huo hauna desturi ya kupiga hodi. Siku mzee aangukapo zizini na mkono mmoja kulegea, watu husema uzee umemwangusha, kumbe ni kiharusi, ambacho vidonge vya kila siku vingaliweza kukizuia.

Basi kwa nini twasema "ni uzee tu"? Twadhani ni kwa sababu maneno hayo hayagharimu kitu. Ugonjwa ukitajwa jina hudai nauli, hudai siku, hudai mtu wa kumsindikiza mgonjwa. Uzee haudai ila subira, tena subira ya mzee mwenyewe.

Mtu ataudhika na kusema kwamba huku kwetu wazee wanaheshimiwa. Ni kweli. Wairaqw wanapokutana, mzee ndiye aombaye kwa slufay, akitaka amani na mvua na afya ya watu na mifugo, na waliokaa humwitikia. Wabarabaig wa Hanang humfanyia mzee aliyetukuka mazishi ya bung'eda, wakimjengea kilima juu ya kaburi lake, nayo huendelea kwa miezi mingi, pamoja na pombe ya asali isiyo haba. Hatusemi neno la kudharau mila hizo, wala Wakristo hatuna haki ya kujiona bora. Tuhesabu gharama za matanga yetu wenyewe: sanduku, mchele, maturubai, magari ya kukodi, hata vitambaa vya sare. Ng'ombe aliyekosekana kwa ajili ya jicho la mama hupatikana kwa ajili ya maziko yake, tena hupatikana kwa siku mbili. Je, heshima ambayo mwenyewe hawezi kuiona ni ya nani?

Hapa msomaji mmoja atatukatiza, na ana haki. Atasema, "Padre hana watoto wa kusomesha." Mimi, atasema, nina ng'ombe wawili. Ada ya sekondari ilifutwa tangu 2016, lakini sare, godoro na chakula cha bweni havikufutwa. Mtoto amechaguliwa mwezi huo huo mama anapotakiwa hospitali, na toka Mbulu mjini hata Haydom ni kilometa 80 hivi, kwa barabara ambayo wakati wa masika haina huruma. Ng'ombe mmoja ni wa maziwa. Niuze yupi, na kwa ajili ya nani?

Hatutamjibu kwamba daima mama atangulie. Tumeliwaza jambo hili kwa muda mrefu, na hatuoni kwamba haki yataka hivyo. Huenda mama mwenyewe, akiulizwa, atasema mtoto aende shule, na neno lake litakuwa neno la mama kweli. Lakini kuchagua ni jambo moja, na kuficha kwamba umechagua ni jambo jingine. Mtu asemaye, "Mama yangu ana mtoto wa jicho, nami mwaka huu sina uwezo," ana jambo la kutenda mwaka ujao. Ataulizia siku waganga wa macho watakapokuja karibu. Atawaambia ndugu zake. Hatakuwa na haya kulitaja mbele ya jumuiya. Asemaye "ni uzee tu" hana la kutenda mwaka ujao, wala miaka kumi ijayo. Wote wawili hawakwenda hospitali mwaka huu. Hata hivyo mmoja ana deni analolijua, na mwingine amelichoma daftari la madeni.

Kuna na neno la wazee wenyewe. Wengi husema, "Msiuze ng'ombe kwa ajili yangu, mimi nimekwisha kula chumvi nyingi." Wana hulishika neno hilo kwa haraka mno, wakisema, mzee amekataa, nani atamlazimisha? Sisi twataka kuuliza kwanza amekataa nini. Amekwisha kuelezwa ugonjwa wake, na dawa yake, na siku atakazolala huko? Wengine hukataa kwa kuwa wamemwona jirani akipelekwa hospitali na kurudishwa maiti, nao hawajui kwamba jirani alipelekwa amechelewa. Wengine huogopa kufia mahali wasipozijua sauti. Na wengine, hao ndio wanaotuhuzunisha, hukataa kwa kuwa wamekwisha kusoma usoni mwa mkwe au mwana kwamba jibu la "ndiyo" litakuwa mzigo. Kukataa kwa namna hiyo ni adabu ya mtu aliyekwisha kuisikia hukumu yake.

Ila yupo mzee ajuaye yote, naye akataa. Tulimfahamu mmoja mwenye saratani, aliyeelezwa vizuri na mganga, akaomba kurudi kwake alale akiisikia mifugo yake. Alitenda sawa, nasi tulikaa naye. Papa Pio XII, aliposema na waganga mwaka 1957, alifundisha kwamba mtu hafungwi kutumia njia zipitazo za kawaida ili kuurefusha uhai. Lakini vidonge vya presha, na fimbo nzuri ya kutembelea, na miwani, hizo zapita kawaida kwa nani?

Hata katika boma moja uzee si mmoja. Baba mzee aghalabu ndiye mwenye zizi; akiugua, mali ni yake, na wana husita kumpuuza mwenye mali. Mama mzee, hasa mjane, aliyekamua ng'ombe hao miaka 50, hana hata mmoja wa kusema "uzeni huyu". Naye ndiye aliyevuta moshi wa mafiga muda huo wote, naye ndiye tunayemwachia wajukuu ambao wazazi wao wamekwenda Arusha au machimboni Mirerani. Huko Usukumani macho mekundu ya moshi yamewaponza kina mama wazee wakaitwa wachawi, na wengine wakauawa. Sisi hatuwaui. Twawaacha gizani na kuwaita bibi.

Serikali ina sehemu yake. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilitamka kwamba wazee watibiwe bila malipo, na mzee kwa sera hiyo ni mtu wa miaka 60 na zaidi. Lakini bila malipo mara nyingi ni kuonana na mganga bila malipo, na kurudi na karatasi ya kununulia dawa dukani. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumpa kila mzee wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuuliza kama alipata kuajiriwa. Bara hatukuufuata mfano huo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipita mwaka 2023. Haya ni mambo makubwa, tutayarudia siku nyingine, lakini hakuna sheria itakayoingia ndani ya nyumba ile na kuuliza, "Mama, waona vidole vingapi?"

Vijana walio mbali hujitetea kwamba wanatuma fedha kwa simu. Wanafanya vema. Ila fedha haimshiki mzee mkono kumpandisha basi. Kukaa pamoja nako, peke yake, hakutoshi. Huko Marekani watu wenye asili ya Meksiko na nchi nyingine zisemazo Kihispania, ijapokuwa wengi ni maskini, taarifa ya serikali yao ya mwaka 2015 ilionyesha kwamba hufa kwa kadiri ya asilimia 24 pungufu kuliko weupe. Wako wataalamu wanaoona kwamba undugu wao, na kuishi pamoja wazee kwa watoto, ni baadhi ya sababu. Lakini taarifa hiyo hiyo ilisema kwamba kisukari huwaua wao zaidi kuliko hao weupe, kwa karibu nusu tena. Ukoo wenye upendo waweza kumfunika mzee blanketi kila usiku bila kujua kwamba ana sukari katika damu, mpaka mtu fulani ampime.

Twasema hayo bila kujitenga. Mama yule wa Dongobesh tulikuwa tukimpelekea Komunyo kila mwezi kwa miaka mitatu. Kila mwezi tulimwona akipapasa ukuta, kila mwezi tulimsalimu kwa heshima, wala hatukuuliza. Tulipotoka nyumbani kwake usiku ule, mwanawe alitusindikiza mpaka njiani, tukamwambia tumwonavyo mama, tena tukamwambia kwamba aibu ni yetu sote wawili. Alinyamaza muda mrefu. Asubuhi ya Jumatatu alikodi gari.

Dawa zimepunguza uvimbe wa miguu, ijapokuwa hazitaacha kumezwa maisha yake yote, na kuna miezi zinapokosekana. Jicho la kulia lilipasuliwa. La kushoto, walisema, lilikuwa limechelewa. Mwezi uliopita tulipoingia kwake alitutazama kwa muda, akatuambia tusogee karibu na mlango penye mwanga, kisha akasema kola ya kanzu yetu ni chafu. Nayo ilikuwa chafu kweli.