Usimpe Mwenzako Sifuri



Dirisha la usajili likifunguliwa, hapa Nkome mwaloni kila mtu kocha: huyu mpe tisa, yule garasa, na mpira hajagusa! Mnakumbuka msimu wa 2021/22? Macho yote Simba na Yanga, kumbe mfungaji bora katoka kwetu Geita Gold: George Mpole, mabao 17.

Hata Samweli nusura amchague Eliabu kwa urefu na sura. Daudi hakuitwa kabisa, yuko machungani (1 Sam 16).

Nakiri: kijana mvuvi alipoomba kujiunga na VIWAWA, kimoyomoyo nilimpa sifuri, eti ananuka dagaa. Leo ndiye anayewatembelea wagonjwa wetu. Mimi natoa visingizio.

Wewe umemwacha nani nje kabla hajacheza? Jumapili hii, mwite.